Kompyuta ya Kinyozi Haizimwi

Benchi lilikuwa limeegemea ukuta wa kinyozi, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Kulia palikuwa na mlango wa duka, kushoto mfereji uliofunikwa kwa mbao, na mbele barabara ambayo ng'ambo yake palikuwa na kinyozi mwingine. Waliokaa hapo walikuwa na sheria moja waliyoiheshimu kuliko zote: mtu akileta tatizo kijiweni, yeye mwenyewe hafungui mdomo mpaka birika la kahawa liishe. Sababu yao ilikuwa kwamba mwenye tatizo huwa analijua mno, na kujua kwake kunaharibu mjadala. Alasiri hiyo mwenye tatizo alikuwa kinyozi. Alisimama mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, mdomo umefungwa, macho kwenye kona ya barabara. Ndani kompyuta ilikuwa inapiga muziki kama kawaida yake, na ili wasikilizane, watu wa benchi walisema kwa sauti ya kugombana hata pale walipokuwa wanakubaliana.

Tatizo lilikuwa hivi. Dukani palikuwa na spika mbili kubwa na amplifaya yake, na amplifaya ilikuwa na tundu moja tu la kuingizia sauti. Tundu hilo lilikuwa la kompyuta. Lakini palikuwa pia na santuri, sanduku la mbao la kupigia sahani za muziki, ambalo baba mkwe alimpa kinyozi siku ya harusi, na ambalo tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa kubeba taulo. Mke wa kinyozi alikuwa amekwenda kwa wazazi wake, akakaa, akazidi kukaa. Kinyozi alipompigia simu alijibiwa kwa ufupi:

— Baba anakuja alasiri na sahani yake, ile aliyopiga tarumbeta. Akiisikia hapo dukani kwako, tutazungumza. Asipoisikia, nitarudi naye nyumbani kwake.

Kinyozi alikata simu, akafikiri, akaamua kwamba hilo ni tatizo la waya.

Kuna jambo moja benchi halikuambiwa, kwanza kwa sababu ya sheria, na pili kwa sababu kinyozi mwenyewe hakulijua vizuri. Siku mkewe alipoondoka, alisimama hapo hapo mlangoni akasema kitu. Kinyozi aliona midomo. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Akanyanyua dole gumba. Mkewe akalitazama lile dole, akachukua mkoba, akaenda.

Watu wa benchi walikuwa watatu. Hakimu, ambaye maisha yake yote ya kazi alifungua na kufunga milango ya mahakama, akaona hiyo inatosha kuwa elimu ya sheria. Mhandisi, mwandika mabango, aliyepata jina baada ya kutengeneza pasi ya jirani. Pasi ile haijapata moto tena. Na Betri, muuza viatu, ambaye maneno hayajawahi kumwishia. Mama Kahawa alikaa pembeni na birika lake. Ndani, kwenye kiti cha kunyolea, alikuwapo mteja mwenye nywele upande mmoja, maana soketi ya mashine ya kunyolea ilikuwa imechukuliwa na santuri.

— Kikao kimeanza, alisema Hakimu. Mama Kahawa, mimina. Mhandisi, eleza ulichofanya.

— Nimefanya kitaalamu, alisema Mhandisi. Tundu ni moja, waya ni mbili. Nimekata waya wa santuri, nimekata waya wa kompyuta, nimezisokota pamoja, nikafunga utepe. Sasa zote mbili zinaingia kwa mlango mmoja.

— Na matokeo?

— Kompyuta inasikika vizuri sana.

— Na santuri?

— Santuri imetulia.

— Imetulia vipi? aliuliza Betri. Kama mtu aliyeshiba au kama mtu aliyekufa?

— Hatujui. Hatuna sahani ya kujaribia. Sahani anayo mzee.

Kinyozi alifungua mdomo aseme kwamba mzee yuko njiani. Hakimu akanyoosha kidole.

— Mwenye tatizo! Birika bado zito. Ukisema sasa utatuharibia ushahidi.

— Na mimi je? ilitoka sauti ya mteja ndani. Mimi sina tatizo?

— Wewe ni kielelezo, alisema Hakimu. Kielelezo hakisemi.

Betri aliweka kikombe chini. Aliweka polepole, ili watu wajue anakuja.

— Mnajua shida iko wapi? Nawaambia bure. Sauti ya santuri inatoka kwenye kitu kinachozunguka, si ndiyo? Kwa hiyo ni sauti ya duara. Ya kompyuta inatoka kwenye kitu kimekaa tu. Imenyooka. Sasa wa duara na wa kunyooka wakikutana kwenye tundu dogo vile, nani atapita?

— Wa kunyooka, alisema Mhandisi, kwa uchungu wa mtu anayeona hoja nzuri na si yake.

— Umeona! Basi waya wa kompyuta uzungushwe kwenye nguzo, mizunguko mingi, mpaka sauti ishikwe na kizunguzungu. Ikifika kwenye spika imechoka, haina nguvu ya kumsukuma mtu. Santuri inapita pembeni taratibu.

— Wahenga walisema, alianza Hakimu...

— Wahenga walikuwa na kompyuta?

— Hawakuwa nayo.

— Basi waache wapumzike.

Mhandisi aliona uwanja unachukuliwa. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi ameshika ncha ya waya mwembamba uliotoka nyuma ya santuri.

— Mmesahau huu. Waya wa tatu. Hauna plagi, hauna tundu, umening'inia tu. Kompyuta haina. Siri ni huu.

— Ni wa nini?

— Ni mkia. Mashine za zamani zote zilikuwa na mkia. Unatafuta chuma cha kushika, ndipo mashine itulie. Nitaufunga kwenye chuma kilicho karibu.

Aliingia tena. Watu wa benchi walisikia utepe ukikatwa kwa meno. Kisha walisikia kelele, na mteja akatokea mlangoni na kitambaa cha kunyolea shingoni, ameshika nyuma.

— Kiti kimeniuma!

— Kimekuuma au kimekutekenya? aliuliza Mhandisi. Kitaalamu ni vitu viwili.

— Kimeniuma!

— Sawa. Maana yake mkia umeshika.

— Jamani, mimi nilikuja kunyolewa! Nimalizieni upande huu au navuka ng'ambo hivi hivi nilivyo!

Hilo ndilo neno ambalo kinyozi aliliogopa kuliko yote. Tangu yule wa ng'ambo afungue, yeye aliamini jambo moja: duka lisilo na muziki ni duka lililofungwa. Muziki ukikatika, mteja anainuka, anavuka, harudi. Ndiyo maana kompyuta haizimwi. Chumba wanacholala kiko nyuma ya duka, na ukuta katikati ni wa mbao, lakini haikuzimwa wakati wa kula, haikuzimwa wageni walipokuja, haikuzimwa mkewe alipolala na homa. Siku ile ya homa aliipunguza. Akamwambia mkewe kwamba ameipunguza. Mkewe hakusikia.

Kinyozi alimshika mteja bega, akamrudisha ndani kwa ishara nyingi, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mteja alikaa kwa kununa, upande wenye nywele ukitazama barabara.

— Tufanye majaribio, alisema Betri. Mama Kahawa, hebu kifuniko cha birika.

— Cha nini?

— Hatuna sahani. Kifuniko ni duara. Sahani ni duara.

— Birika langu halichezi muziki, mwanangu.

— Ni kujaribu tu, mama. Kwa ajili ya ndoa ya mtu.

Kifuniko kikaletwa, kikawekwa juu ya santuri, santuri ikawashwa. Kilizunguka. Benchi lote liliingiza vichwa mlangoni na kushangilia. Betri aliunyanyua mkono wenye sindano, na kinyozi, ambaye hakuruhusiwa kusema lakini hakukatazwa kukimbia, aliruka akamdaka kifundo cha mkono.

— Mnaona, alisema Betri huku ameshikwa. Mashine nzima haina ubaya. Kifuniko ndicho hakina wimbo.

— Iandikwe, alisema Hakimu.

Hakuna aliyeandika. Mama Kahawa alichukua kifuniko chake, akakifuta kwa kanga pande zote mbili, akamimina raundi nyingine. Birika sasa alilishika kwa mkono mmoja.

— Kuna njia nyingine, alisema Mhandisi. Santuri isiingie kwenye spika kabisa. Iingie kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo iimbe kwa niaba yake.

— Hatari! alisema Betri. Hatari kubwa! Ukishailisha kompyuta nyimbo za zamani, itazoea. Itaanza kufikiri kizamani. Unabonyeza, inakaa kwanza, inakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Itakwenda polepole.

— Mbona hii tayari inakwenda polepole?

— Si imekaa chumba kimoja na santuri tangu harusi? Imeshaambukizwa hiyo!

Hakimu alikohoa kikohozi cha mahakamani, kile kinachotangulia mlango kufunguliwa.

— Ndugu zangu. Kule kwetu wadai wawili hawasemi kwa pamoja. Mmoja akisema, mwenzake ananyamaza. Kwa nini hivi vyombo visipeane zamu? Santuri ikisema, kompyuta inyamaze.

Betri akaanza kucheka, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Kompyuta inyamaze! Hii! Nani kakuambia hii inanyamaza?

— Watu watadhani pana msiba, alisema Mhandisi.

— Watadhani amefilisika! Watakuja kuuliza kama kiti kinauzwa!

Kinyozi pale mlangoni alicheka pia. Kucheka si kusema, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Alicheka kwa sababu alilijua duka lake, na kompyuta kunyamaza hapo ilikuwa kama ukuta kuondoka.

— Nilikuwa nawapima tu, alisema Hakimu, akarudi kwenye kikombe.

— Sasa nisikilizeni mimi, alisema Betri, macho yamempanuka kwa fikra iliyokuwa inamjia wakati ule ule. Tumehangaika na waya bure. Mzee ana masikio mangapi?

— Mawili.

— Na vyombo ni vingapi?

— Viwili.

— Mnaona mambo yalivyopangwa! Kila chombo na sikio lake. Spika ya kulia tunaipa santuri, ya kushoto tunaipa kompyuta. Mzee anakalishwa katikati. Sikio la kushoto tunaliziba. Anasikia sahani yake, wateja wanasikia muziki wao, mke anarudi, tumemaliza.

— Kuziba sikio la baba mkwe? aliuliza Mhandisi. La mkwe, wewe? Litazibwaje?

— Kwa heshima. Kinyozi atapiga magoti, atasema shikamoo, ataziba.

— Kwa pamba, alisema Hakimu. Kidole hapana. Kidole ni shambulio.

— Kwa pamba nyeupe, alikubali Betri.

Walikuwa wanajadili ukubwa wa pamba Mama Kahawa alipolipindua birika juu ya kikombe cha Hakimu. Likatoka tone, likafuatiwa na machicha.

— Limeisha, alisema.

— Limeisha, alirudia Hakimu. Mwenye tatizo, sasa una ruhusa. Sema.

Kinyozi alifungua mdomo. Alikuwa na mengi. Alitaka kusema kwamba pamba haifai, kwamba mzee ni mtu wa maneno machache na hasira ya kimya, kwamba nyumba imekuwa kubwa tangu mkewe aondoke na hajui aweke wapi miguu. Lakini kwenye kona walikuwa wametokea watu wawili: mzee mwenye koti, amekumbatia kitu bapa kilichofungwa gazeti, na nyuma yake binti yake, mkoba begani.

— Shikamoo baba, alisema kinyozi. Benchi zima lilisimama.

Midomo ya mzee ilicheza. Bila shaka alisema marahaba.

Mke hakuingia. Aliegemea nguzo ya mlango, mkono kwenye mkanda wa mkoba. Mzee aliingia akasimama mbele ya santuri yake, akaona taulo zimeondolewa, akaona utepe, akaona waya mwembamba umefungwa kwenye mguu wa kiti cha kunyolea. Aliufuata kwa macho mpaka mwisho wake. Kisha akageuka, na watu watatu wakamweleza kwa pamoja.

— Mzee, tumeunga mlango mmoja, alisema Mhandisi, na mkia umeshika, sasa bado kidogo...

— Ya kwako ni ya duara, mzee, alisema Betri, ndiyo shida, lakini una masikio mawili...

— Kikao kimeketi tangu mchana, alisema Hakimu, na uamuzi umekaribia...

Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio. Akawasikiliza wote mpaka mwisho, bila kumkatiza mtu. Walipomaliza ilibidi naye apaze sauti, na ilionekana si mazoea yake.

— Wimbo wangu ni mfupi, alisema. Upande mzima ni wimbo mmoja tu. Hiyo kompyuta ikinyamaza kwa wimbo mmoja, kitatokea nini?

Mhandisi akaanza kukagua utepe wake. Hakimu akatazama mlango, kwa mazoea. Betri, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alitazama doa la kahawa kwenye suruali kana kwamba jibu limemwagikia hapo.

— Hilo, alisema Hakimu mwishowe, halikuwa mezani.

— Sikuiuliza meza, alisema mzee. Namuuliza mkwe wangu.

Wote wakamtazama kinyozi. Sasa alikuwa na ruhusa kamili ya kusema.

— Wateja, baba, alisema. Watavuka. Kule ng'ambo...

— Kule ng'ambo kuna nini? aliuliza mteja kutoka kwenye ndoo. Kule hawana hata redio. Mimi nimetoka huko leo hii. Nimekuja hapa kwa sababu kule kuna foleni.

Kinyozi alitazama barabara. Siku zote aliitazama ng'ambo kwa jicho la kuona nani anaingia. Hakuwahi kutega sikio, na angelitega, angeusikia muziki wake mwenyewe. Aliingia ndani, akafika kwenye kompyuta. Herufi nyingi za kibodi zilikuwa zimefutika kwa vidole vyake. Kitufe cha kusimamisha muziki kilikuwa bado kipya. Akakibonyeza.

Kimya kilipoingia, mteja alishtuka akashika kichwa. Bomba lilikuwa linadondosha tone nyuma ya pazia. Mashine ya kunyolea ya ng'ambo ilikuwa inanguruma, na watu walikuwa wanacheka huko, watu wengi, wamekaa kwenye viti wakisubiri zamu huku wanazungumza.

— SIKU ILE MLANGONI, alisema kinyozi, akajishtua mwenyewe, maana alikuwa anapiga kelele. Akashusha sauti. Siku ile mlangoni, ulisema nini?

Mkewe aliitazama kompyuta kwanza, kama mtu anayehakikisha kwamba mbwa amefungwa.

— Nilikuuliza, nikienda nisirudi, ni sawa?

Kinyozi alilitazama dole gumba lake. Akalikunja ndani ya ngumi.

— Mimi niliona midomo tu, alisema.

— Najua. Nilikusemesha kwa midomo hiyo hiyo mwaka mzima.

Mhandisi alitaka kusema jambo kuhusu waya. Mama Kahawa akamkanyaga mguu. Mzee alikuwa ameshafungua gazeti. Alifuta sahani kwa upindo wa koti, akaiweka, akashusha sindano kwa kidole kimoja, akarudi nyuma hatua moja na kushika mikono mgongoni.

Kilitoka kitu kidogo sana. Kwanza mkwaruzo, kisha ngoma kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya jirani, kisha, mbali, tarumbeta.

— Ni ndogo, alisema Mhandisi. Nikiusokota tena ule waya...

— Usiguse, alisema mzee. Sauti yake ni ndogo siku zote. Kwetu tulikuwa tunanyamaza.

Kinyozi aliinama. Aliinama zaidi, akachutama, sikio lake likafika karibu na kitambaa cha spika. Baada ya muda alihisi mtu anachutama upande wa pili, na harufu ya sabuni aliyoizoea. Mkoba ulikuwa bado begani mwa mkewe, lakini alikuwa ameshachutama.

Nje, watu wa benchi walikuwa wamerudi kwenye vikombe vitupu. Hakimu alitikisa birika, akasikia machicha tu. Betri alivumilia kadiri alivyoweza, na haikuwa kadiri kubwa.

— Haisikiki! alipiga kelele. Kinyozi! Haisikiki!

Kinyozi hakugeuza kichwa.

— Inasikika, alisema, kwa sauti ambayo benchi halikuisikia.